Kiti cha mtoto ndani ya gari: miguu imepata nafasi, lakini shingo je?

Jumapili moja jirani yangu wa hapa Butembo aliniita niangalie gari yake. Ndugu yake anayeishi Bulaya alikuwa amemtumia kiti cha mtoto, kile cha kufunga juu ya kiti cha nyuma cha gari. Mtoto wake iko na miezi 14 na kilo 10. Mwanzoni alimweka akitazama nyuma, sawa vile picha kwenye kiti ilionyesha. Lakini alipoona magoti ya mtoto yamepanda juu na nyayo zinasukuma kiti cha gari, alimuonea huruma. Akageuza kiti, mtoto akatazama mbele sawa watu wakubwa.

"Ona sasa, ndugu muandishi, miguu iko huru," akaniambia. Kila juma anateremka na mtoto huyo ku Beni kumuona mama yake mzazi, kilometre 54 kwenda na 54 kurudi. Aliniuliza kama amefanya vizuri.

Sikuwa na jibu siku ile. Nilienda kusoma na kuuliza, na kile nilichopata ndicho tunawaletea leo, juu wazazi wengi wa Butembo, Beni, Oicha na Kasindi wanaonunua viti hivi wanajiuliza swali lile lile: namna gani kuchagua kiti kinachotazama mbele, chenye nafasi ya kutosha kwa miguu ya mtoto?

Jibu fupi ni hili: miguu iliyokunjwa haiui mtoto. Shingo ndiyo inaweza kuua. Lakini wakati mtoto amefika kweli kutazama mbele, hapo nafasi ya miguu inakuwa jambo la maana, na watu wengi hawajui mahali pa kuipima.

Kwa nini tuongee jambo hili sasa

Zamani mtu alikuwa anasema: barabara yetu ni mashimo tu, gari haiwezi kukimbia, kiti cha mtoto ni cha kazi gani? Siku hizi mambo yanabadilika. Mwaka 2021 Kongo na Uganda walizindua kazi za kutengeneza barabara za kilometre 223 huku mashariki: Kasindi–Beni, Beni–Butembo, na Bunagana–Rutshuru–Goma. Barabara ikiwa nzuri, gari linaongeza mbio. Tena kuko sehemu ambazo mashofere wanapita mbio juu ya kuogopa usalama mdogo. Kila mtu anayesafiri kati ya Beni na Kasindi anajua.

Kufatana na ripoti ya Shirika la Afya Duniani, OMS, ya mwaka 2023, ajali za barabarani zinaua watu karibu milioni 1.19 kila mwaka duniani. Kwa watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29, ajali hizo ndizo zinaua zaidi kuliko ugonjwa wowote.

Na haiombi mbio kubwa. Gari ikigonga kitu kigumu ikiwa kwenye kilometre 50 kwa saa, mwili unapata pigo sawa na mtu aliyeanguka kutoka urefu wa metre 10 hivi. Hiyo ni kama kutoka juu ya nyumba ya étage tatu. Mtoto wa kilo 10 aliyeshikwa kwenye magoti ya mama, kwa kitambo kile kidogo cha pigo, anaweza kuvuta kwa nguvu ya kilo 250. Ni mifuko mitano ya simenti. Hakuna mama, hata awe na nguvu gani, anayeweza kuishika. Siyo kukosa upendo, ni mikono tu haiwezi.

Kwanza jiulize: mtoto amefika saa ya kutazama mbele?

Hapa ndipo jirani yangu alikosea, na alikosea kwa nia nzuri.

Kichwa cha mtoto mdogo ni kikubwa kupita kiasi cha mwili wake. Mtoto akizaliwa, kichwa kinachukua karibu robo ya urefu wake wote, wakati kwa mtu mkubwa ni kama sehemu moja juu ya nane. Kichwa hicho kizito kinabebwa na shingo ambayo mifupa yake bado ni laini na haijaungana vizuri. Kazi ile ya kuungana inaendelea mpaka miaka kati ya 3 na 6.

Gari ikigonga mbele, mtoto anayetazama mbele anashikwa na mikanda kwenye mabega, lakini kichwa hakina kitu kinachokishika. Kinarushwa mbele, na shingo inabeba uzito wote. Mtoto anayetazama nyuma, yeye, pigo linamsukuma ndani ya kiti: mgongo, shingo na kichwa vinapokelewa pamoja, sawa vile mama anapokea mtoto kwa kiganja.

Na miguu? Mtoto mdogo anajikunja bila shida. Angalia watoto wakicheza uwanjani: wanachuchumaa saa nzima, wanalala wamekunja magoti, hawalalamike. Mtoto anayetazama nyuma anakunja miguu kama chura, ao anaiweka juu ya kiti cha gari. Inaonekana vibaya kwa macho ya mzazi, lakini haimuumizi. Hata ikitokea ajali na mguu uvunjike, mguu unafungwa na unapona. Uti wa shingo ukikatika, hakuna hospitali ya kuurudisha, siyo hapa kwetu, siyo Kampala, siyo Bulaya.

Ndiyo maana nchini Sweden wazazi wengi wanaacha watoto watazame nyuma mpaka karibu miaka 4. Madaktari wa watoto wa Marekani nao wanaomba mtoto aendelee kutazama nyuma mpaka afikie mwisho wa kilo ao urefu ambao kiti chake kinaruhusu, bila kuangalia miguu.

Kwa hiyo mzazi, kama mtoto wako hajafika miezi 15, usimgeuze, hata awe mnene namna gani. Kama amepita hapo lakini kiti bado kinamkubali akitazama nyuma, mwache. Kama amejaza kilo ao kichwa kimefika ukingo wa juu wa kiti, hapo sasa saa ya kutazama mbele imefika.

Etiketi inasema nini

Viti vingi vinavyofika kwetu vinatoka Bulaya, vingine Dubai na China, ao vinakuja ndani ya gari lililotumika. Kiti cha Bulaya kiko na etiketi ya rangi ya machungwa nyuma ao pembeni. Ndani yake utaona herufi E ndani ya duara, na namba inayoonyesha nchi iliyokipima: E1 ni Ujerumani, E2 ni Ufaransa, E4 ni Uholanzi.

Kuko etiketi za namna mbili.

Ya kwanza ni ya sheria ya zamani, R44. Hiyo inahesabu kwa kilo. Kiti cha mpaka kilo 13 ni cha kutazama nyuma. Kiti cha kilo 9 mpaka 18 kinaweza kutazama mbele. Cha kilo 15 mpaka 25 na 22 mpaka 36 ni vile vya kumpandisha mtoto juu ili mkanda wa gari umfae. Angalia namba ndefu iliyo chini ya ile E: inapashwa kuanza na 03 ao 04. Ikianza na 01 ao 02, hicho ni kiti cha zamani sana ambacho Bulaya kwenyewe walikikataza tangu 2008.

Ya pili ni R129, ambayo wengine wanaita i-Size. Hiyo inahesabu kwa urefu wa mtoto, kwa santimetre, na inakataza kabisa mtoto atazame mbele kabla ya miezi 15.

Mtego uko ndani ya R44. Kiti cha jirani yangu ni kile kinachofanya kazi mbili: mpaka kilo 13 kinatazama nyuma, tangu kilo 9 kinaweza kutazama mbele. Mtoto wa kilo 10 anaingia pande zote mbili. Mzazi anasoma "tangu kilo 9", anafikiri ameruhusiwa. Kweli etiketi inaruhusu, lakini shingo ya miezi 14 bado. Kati ya kilo 9 na 13, chagua kutazama nyuma.

Kwenye viti vinavyoandikwa Kifaransa utaona "dos à la route", ndiyo kutazama nyuma, na "face à la route", ndiyo kutazama mbele. Kila upande uko na njia yake ya kupitisha mkanda, mara nyingi rangi ya bluu kwa nyuma na nyekundu kwa mbele. Usizichanganye.

Nafasi ya miguu ni mambo matatu

Tuseme sasa mtoto wako iko na miaka 3, amefika saa yake, na unatafuta kiti cha kutazama mbele. Watu wanapokwenda sokoni wanaangalia kama kiti ni kikubwa na kama kitambaa ni kinene. Miguu haipimwi pale. Inapimwa katika mambo matatu.

La kwanza ni kina cha kiti, yaani urefu kutoka mgongo mpaka ukingo wa mbele. Mtoto akikaa na mgongo wake umegusa nyuma kabisa, goti linapashwa kukunjika pale ukingo unapoishia. Kiti kikiwa kirefu sana, mtoto atateleza mbele ili apate kukunja magoti. Mgongo unaachana na kiti, mkanda unapanda kutoka kwenye mifupa ya nyonga na kukaa juu ya tumbo. Ajali ikitokea, mkanda unakata tumbo. Kiti kikiwa kifupi sana, mapaja yanabaki hewani, miguu inaning'inia na inakufa ganzi kabla hamjafika Maboya. Mtoto analia, mzazi anamfungua mkanda ili apumue, na hapo kazi yote imeharibika.

La pili ni nafasi mbele ya magoti na nyayo, yaani kati ya mtoto na kiti cha mbele cha gari. Hii ndiyo watu wanasahau, na ndiyo ya maana kuliko zote. Katika ajali, mtoto anayetazama mbele, hata akifungwa vizuri, kichwa chake kinaweza kusogea mbele karibu nusu metre, na miguu inarushwa mbele kwa nguvu. Kiti cha mbele kikiwa karibu, miguu inakigonga na kuvunjika, na kichwa nacho kinaweza kukifikia. Kwa hiyo nafasi hiyo siyo ya raha peke yake, ni ya uzima.

La tatu ni umbo la kiti chenyewe. Viti vingine viko na kitako kinene kinachomsukuma mtoto mbele santimetre nyingi. Vingine vinalazwa ili mtoto asinzie, lakini kwa kulala vinateleza mbele na kula nafasi ya miguu. Ndani ya gari ndogo sawa Corolla, kiti chembamba kinachosimama wima kinafaa kuliko kiti kinene cha bei kubwa. Ndani ya Noah nafasi iko, unaweza kuchagua kwa uhuru zaidi.

Pima mtoto, pima gari, kisha uende sokoni

Hauhitaji mashine. Chukua metre ya fundi cherehani.

Kilo za mtoto unazo tayari: ziko kwenye karte yake ya CPS, ile ya kupima watoto kwenye kituo cha afya. Kama amepita miaka 5 ao karte imepotea, mpime tena. Urefu, msimamishe kando ya ukuta bila viatu, weka kitabu juu ya kichwa, tia alama.

Kisha mkalishe chini, mgongo kwenye ukuta. Pima kutoka chini mpaka bega: mikanda ya kiti kinachotazama mbele inapashwa kutoka kwenye usawa wa bega ao juu yake kidogo, siyo chini ya bega. Halafu pima kutoka ukuta mpaka pale goti linakunjika. Hicho ndicho kina cha kiti unachotafuta. Ongeza kidogo juu ya kukua, lakini usinunue cha miaka ijayo sawa tunavyonunua uniforme ya shule. Kiti kikubwa leo hakilinde mtoto leo.

Nenda sasa kwa gari. Weka kiti cha mbele pale shofere anakaa kila siku, siyo pale unatamani akae. Pima kutoka mgongo wa kiti cha nyuma mpaka nyuma ya kiti cha mbele. Andika yote kwenye karatasi ao kwenye simu.

Ukipata kiti, omba muuzaji akuruhusu kukijaribu ndani ya gari kabla ya kulipa. Kifunge, mkalishe mtoto, halafu rudisha kiti cha mbele mahali pake. Nyayo zisiguse. Kama zinagusa, sogeza kiti cha mbele kwa kadiri mtu wa mbele anaweza kuvumilia. Kama bado zinagusa, jaribu upande mwingine ao kiti kingine. Muuzaji akikataa ujaribu, usione haya kuondoka.

Jambo moja tena tunalifanya sisi wenyewe: tunamaliza nafasi ya miguu na mizigo. Bidon ya mafuta ya ngazi, mfuko wa makala, mkungu wa ndizi, vyote vinaingizwa chini mbele ya mtoto juu koferi imejaa. Miguu yake inabaki juu ya bidon, magoti kwenye kidevu. Ikitokea ajali, bidon ile inakuwa jiwe. Mizigo ikae nyuma, ifungwe. Chini ya miguu ya mtoto pakae wazi.

Upande gani wa gari?

Hapa kwetu kuko shida ambayo vitabu vya Bulaya havizungumzii. Kongo tunatembea upande wa kuume wa barabara. Lakini magari mengi ya Butembo na Beni yalitoka Japani, mengine yakipitia Dubai ao Uganda, na usukani wao uko kuume. Maana yake shofere anakaa upande wa kando ya barabara, na abiria wa kushoto anashukia katikati ya barabara, mahali motari wanapita bila kuangalia.

Kwa kushusha mtoto, upande mzuri ni kuume, yaani nyuma ya shofere. Lakini nyuma ya shofere mrefu ndipo nafasi ya miguu inakuwa ndogo. Mzazi ufanye hesabu: kama nyuma ya shofere nafasi inatosha, weka mtoto pale. Kama haitoshi, mweke kushoto, sogeza kiti cha mbele cha abiria mpaka mwisho, na siku zote umshushe kupitia mlango wa kuume. Katikati ya kiti cha nyuma nako ni pazuri, juu ni mbali na milango na hakuna kiti kinachomkabili moja kwa moja. Lakini angalia: magari mengi ya zamani yana katikati mkanda wa tumbo peke yake, na viti vingi vinaomba mkanda unaopita tumbo na bega.

Mbele, hapana. Na kiti kinachotazama nyuma kisiwekwe kamwe mbele ya airbag inayofanya kazi, juu airbag ikifunguka inakipiga kiti mgongoni, na kichwa cha mtoto kiko pale pale. Kwenye gari nyingi utaona maandishi "SRS AIRBAG" mbele ya abiria.

Kufunga vizuri

Kiti cha bei kubwa kilichofungwa vibaya ni bure. Kwanza tafuta mikanda ya nyuma ya gari. Kwenye magari mengi imefichwa chini ya vitambaa vya kufunika viti, ao kitufe kimezama. Toa kitambaa, vuta mkanda wote, angalia kama haujachanika na kama unashika ukivutwa ghafla.

Pitisha mkanda mahali kiti kinaonyesha. Weka goti lako juu ya kiti, kandamiza kwa uzito wako, na vuta mkanda. Shika kiti pale mkanda unapopita, tikisa: kisitembee zaidi ya santimetre 2 ao 3. Kama kiko na mkanda wa juu wa nyuma, na gari iko na mahali pa kuufunga, ufunge. Ndio unapunguza mwendo wa kichwa.

Mikanda ya mtoto ikae sawa bila kujipinda. Jaribu kufinya mkanda wa bega kwa vidole viwili: ukifinyika ukapata mkunjo, kaza tena. Butembo asubuhi ni baridi, watoto wanavaa makoti manene. Vua koti kwanza, funga mkanda, kisha mfunike mtoto na kitenge juu ya mkanda. Koti nene linadanganya: mkanda unaonekana umekaza kumbe kuko nafasi ya kuteleza.

Na safari ikiwa ndefu, simama. Dakika kumi Maboya ao Bulongo, mtoto anyooshe miguu, akojoe, anywe maji. Hiyo inasaidia miguu kuliko kumfungua wakati gari inatembea.

Kiti kilichotumika

Wengi wetu tutanunua kilichotumika, na siyo aibu. Lakini kigeuze, kiangalie chini. Plastiki ikiwa na ufa, hata mdogo, acha. Kikiwa bila etiketi, acha. Mkanda umekatwa na kushonwa tena na fundi wa viatu, acha. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, mara nyingi imechongwa kwenye plastiki sawa saa ndogo yenye mwaka katikati. Viti vingi vinapewa maisha ya kati ya miaka 6 na 10, juu plastiki inachoka kwa jua na joto. Na uliza kama kiliwahi kupata ajali. Muuzaji anaweza kukudanganya, lakini ndugu aliyekutumia hawezi.

Kuko pia vile vya kitambaa tu na mikanda midogo, visivyo na ganda gumu, vinavyouzwa bei ya chini. Hivyo siyo viti. Havibebi kichwa wala havishiki mtoto siku ya pigo.

Na sisi tusio na gari?

Najua wengi wanaosoma hapa hawana gari. Wanapanda taksi wakiwa wanne nyuma na wawili mbele, mtoto kwenye magoti. Hatuwezi kuwadanganya: kwenye magoti hakuna usalama kamili. Lakini kuko mabaya yanayopitana.

Kaa nyuma, siyo mbele. Mtoto asisimame katikati ya viti viwili vya mbele. Usimfunge mtoto pamoja nawe ndani ya mkanda mmoja, juu wewe ndiye utamkandamiza. Usimwache mgongoni ndani ya kitenge ukiegemea kiti, mlete mbele. Mtoto mkubwa anayeweza kukaa peke yake, mlipie nafasi yake kama feza iko, na afungwe mkanda wake. Na mwambie shofere apunguze mbio. Abiria mmoja akisema, shofere ananung'unika. Wote wakisema, anapunguza.

Tunamalizia hapa

Wakati unachagua kiti, fuata mpango huu: shingo kwanza, kisha bega, kisha nyonga, na miguu mwisho. Kiti kinachotazama mbele hakimalizi kazi yake siku miguu imekuwa mirefu. Kinamaliza siku kilo zimepita, ao bega limepita tundu la juu la mikanda, ao masikio yamefika ukingo wa juu. Miguu mirefu peke yake siyo sababu ya kubadilisha.

Jirani yangu nilimrudia na karatasi yangu. Tulipima pamoja. Tukageuza kiti, mtoto akarudi kutazama nyuma. Hakupenda mara moja: alisema mtoto atalia juu haoni barabara. Juma lile alilia mpaka Butuhe, kisha akalala. Wanaendelea kuteremka ku Beni kila juma, magoti yamekunjwa, na baba yake hasemi tena habari ya miguu. Siku mtoto atajaza kilo 13, tutaleta metre tena.